Apple kununua Beats kwa dola bilioni 3: walipigwa au walijua wanachofanya?

KijanaWaTandika (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi Jumapili nilikuwa kwa dada Mbagala. Tumemaliza kula, shemeji akaanza. Huyu shemeji akishiba anakuwa mchumi. Akazitazama hedifoni nilizoning'iniza shingoni, Beats Solo nyeusi, ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyenizawadia nilipomaliza chuo, akasema: "Unajua hao Apple walipigwa? Bilioni tatu za dola kwa plastiki hiyo." Nikamwambia Apple hawapigwi, wao ndio wanaopiga. Tukabishana mpaka dada akazima TV, akatuambia tukamalizie barazani.

Hoja yake ni kwamba Apple wana wahandisi wa kumwaga, hedifoni ingewashinda nini? Na muziki walikuwa nao tayari, iTunes ilikuwepo miaka. Sasa mwaka 2014 walinunua nini hasa? Jina? Herufi b ya nembo yao? Mimi mwaka huo nilikuwa darasa la sita, kwa hiyo sikuwa na cha kujibu zaidi ya kupandisha sauti.

Wanaojua naomba darasa. Jumapili ijayo ni pilau tena na nataka nirudi nimejipanga.

BandoLimekata

Walipigwa. Shemeji yuko sahihi. Mada ifungwe.

MzeeWaSolda

Haifungwi. Subirini nimpe mteja simu yake, nakuja.

Haya. Mimi ni fundi wa vitu vinavyotoa sauti, Kariakoo, mwaka wa 22 huu. Nilianza na redio na amplifaya, siku hizi kazi kubwa ni hedifoni na vile vidude vya kuchomeka sikioni. Katikati hapo, kama kuanzia 2010 mpaka 2013, niliongezea na laptopu za mtumba kutoka Dubai. Kwa hiyo hiyo herufi b mimi niliijua kwenye laptopu za HP kabla sijaiona kichwani kwa mtu. HP walikuwa wamekubaliana na Beats, zikawa zinatoka na chapa ya Beats Audio. Vijana wa chuo wakija hawaulizi prosesa wala RAM. Wanauliza, "Mzee, ile yenye b nyekundu ipo?"

Siku moja nikafanya utundu. Nikaweka laptopu mbili mezani, moja ina b na nyingine haina, nikawaambia vijana watatu wafumbe macho, nikapiga wimbo uleule kwa zamu. Mmoja akasema ya kwanza, mmoja ya pili, wa tatu akasema zote sawa. Wakafumbua. Wote watatu wakanyooshea kidole yenye b, na yule aliyesema zote sawa ndiye aliyenunua, tena kwa elfu hamsini zaidi. Nilipeleka ile elfu hamsini nyumbani nikiwa nawaza sana.

Kwa hiyo shemeji yako akisema walinunua herufi, asidhani ametukana.

Sasa turudi kwao Marekani. Waliounda Beats ni wawili, Jimmy Iovine na Dr. Dre. Iovine alianza kama fundi wa kurekodi studio, alikaa kwenye mitambo enzi za akina John Lennon na Bruce Springsteen, baadaye mwaka 1990 akaanzisha na wenzake lebo ya Interscope. Dr. Dre unamjua, rapa na mtayarishaji wa muziki. Wenyewe wanasimulia kwamba Dre alipata mtu wa kumtaka auze raba zenye jina lake, akaenda kumuuliza Iovine, na Iovine akamwambia achana na viatu, tuuze spika. Kampuni ikaanza 2006, hedifoni za kwanza zikatoka 2008. Hawakuwa na kiwanda wala mhandisi wa kutisha. Aliyezitengeneza ni Monster, kampuni ya California iliyojulikana kwa nyaya za bei mbaya.

Walichokuwa nacho wao ni namba za simu za watu maarufu. LeBron James, mcheza kikapu, aliingia mapema, akawagawia wenzake wa timu ya Marekani hedifoni hizo walipokuwa wanakwenda Olimpiki ya Beijing 2008. Watu wanashuka kwenye ndege, kila shingo ina b. London 2012 wakarudia mchezo, wakawatumia wanamichezo hedifoni zenye rangi za bendera zao, na hawakuwa wadhamini, hawakulipa hata senti kwa kamati. Hiyo ndiyo biashara. Kufikia wakati Apple wanabisha hodi, zaidi ya nusu ya soko la hedifoni za bei ya juu kule Marekani lilikuwa la Beats.

Mteja kaja tena. Narudi.

BandoLimekata

Mzee anaandika kama anasimulia hadithi za kitandani. Jibu ni lipi? Walipigwa au hawakupigwa?

MzeeWaSolda

Wewe bando lako likikata usinisukume mimi.

Kama kuna mtu wa kuhurumiwa kwenye hadithi hii, si Apple, ni HTC. Mnawakumbuka? Wataiwani, simu zao zilikuwa tamu kweli. Agosti 2011 walinunua asilimia 50.1 ya Beats kwa kama dola milioni 300 na ushee. Wakaweka chapa ya Beats kwenye simu zao, simu zikaendelea kushuka sokoni. Mwaka uliofuata wakawarudishia nusu ya hisa kwa milioni 150. Septemba 2013 wakauza zilizobaki, karibu robo ya kampuni, kwa milioni 265. Kwenye makaratasi walipata faida. Miezi minane baadaye, tarehe 28 Mei 2014, Apple wakatangaza bilioni 3. Wewe piga hesabu robo ya bilioni 3 ni ngapi, halafu uende ukalale kama unaweza.

Na bosi wa Monster, Noel Lee, yule aliyezitengeneza zile za kwanza, alikuwa na asilimia 5. Akazipunguza zikabaki 1.25, nazo akaziuza 2013 kwa milioni 5.5. Alikwenda mahakamani 2015 akidai alizungukwa, mwaka uliofuata kesi ikatupwa.

Sasa Apple. Hizo bilioni 3 hawakuzitoa zote mkononi siku moja. Bilioni 2.6 ndiyo bei, na kama milioni 400 zilikuwa hisa za kutolewa kidogokidogo, ili watu wabaki kazini. Na akiba ya Apple wakati ule ilikuwa kama dola bilioni 150. Iweke kwenye pesa zetu, kijana: una laki na nusu mfukoni, umetoa elfu tatu. Chai, chapati mbili na nauli ya kurudi. Mtu hapigwi kwa elfu tatu, labda anajutia chapati.

Lakini kwa Apple wenyewe lilikuwa jambo zito, maana si watu wa kununua kampuni kubwa. Kabla ya hapo rekodi yao ilikuwa NeXT, ile iliyomrudisha Steve Jobs nyumbani, na haikufika hata nusu bilioni. Mpaka leo Beats ndiyo kubwa kuliko zote walizowahi kununua. Kwa nini wavunje mwiko kwa hedifoni?

Hawakununua hedifoni. Walinunua muda.

Angalia kalenda. iTunes Store ilifunguliwa 2003, unanunua wimbo mmoja kwa senti 99, ni wako. Jobs aliamini watu wanataka kumiliki nyimbo, si kuzikodi, na Iovine amesimulia kwamba alimfuata Apple na wazo la malipo ya mwezi, hakusikilizwa. Ikaenda hivyo miaka kumi. Mwaka 2013 mauzo ya nyimbo za kupakua Marekani yakashuka kwa mara ya kwanza tangu duka lile lifunguliwe. Na wiki moja tu kabla Apple hawajatangaza kuinunua Beats, Spotify, wale wa kusikiliza muziki mtandaoni kwa malipo ya mwezi, walisema wamefikisha wateja milioni 10 wanaolipa. Apple, waliouza muziki kuliko mtu yeyote duniani, hawakuwa na kitu cha kuweka mezani zaidi ya redio ya mtandaoni.

Beats walikuwa nacho. Mwaka 2012 walinunua kampuni ndogo ya muziki wa mtandaoni iliyoitwa MOG, wakaikarabati, Januari 2014 ikatoka kama Beats Music. Ilikuwa Marekani peke yake na wateja wake walikuwa wachache mno. Ila ilikuwa inafanya kazi, na orodha zake za nyimbo zilipangwa na binadamu wenye masikio, si kompyuta peke yake. Tarehe 30 Juni 2015 Apple Music, huduma yao wenyewe ya malipo ya mwezi, ikawa hewani. Mwezi wa 13 tangu tangazo. Kama wangeanza na karatasi tupu, nani anajua.

DadaWaMixing

Shikamoo Mzee. Mimi nakaa studio kila siku, kazi yangu ni kuchanganya sauti, na naomba nikupinge kidogo kwa heshima.

Unasema walinunua muda na watu. Hao watu walikaa? Ian Rogers, aliyekuwa anaiendesha Beats Music, aliondoka Agosti 2015, miezi miwili tu baada ya Apple Music kuzinduliwa, akaenda kwa Wafaransa wa LVMH wanaouza mikoba. Iovine mwenyewe alitoka 2018. Na ile Apple Music ya kwanza ilivyokuwa imejaa vitufe mpaka mtu anapotea, 2016 ikabidi waipange upya. Muda gani huo walioununua kama ilibidi waanze tena?

Na kwenye hedifoni, Desemba 2016 wakatoa AirPods zao, hazina b, hazina Dre, na kila mtu anazitaka. Ina maana uwezo walikuwa nao. Sauti ya zile Beats za mwanzo siisemi, besi imekaa mbele kama kondakta mlangoni, huwezi kuwaona abiria.

Mimi nadhani walinunua woga. Walikuwa wamefiwa na Jobs, wanaambiwa hawana tena mvuto kwa vijana, wakanunua mvuto wa jirani.

MzeeWaSolda

Marahaba mwanangu. Hiyo ya kondakta mlangoni naiiba.

Kwa Rogers umenishika, sina la kusema. Kwa Iovine hapana, alikaa miaka minne, na aliyekaa miaka minne akiwapigia simu wasanii na lebo kazi yake imeonekana. Mwanzoni mwa 2016 Apple Music ilikuwa na wateja milioni 10 wanaolipa, namba ambayo Spotify waliitafuta kwa miaka. Katikati ya 2019 walikuwa milioni 60. Sasa wewe wa studio unajua kuwa sehemu kubwa ya pesa hiyo inakwenda kwa wenye nyimbo, haibaki kwa Apple. Lakini hata kinachobaki, kila mwezi, kwa watu milioni 60, elfu tatu ya chapati imesharudi.

Na hedifoni hazikufa. Hapo ndipo Apple walionyesha akili ambayo siisikii ikisemwa. Kawaida yao wakinunua kitu wanakimeza, jina linapotea. Beats Music wakaimeza, Novemba 30, 2015 ikazimwa. Hedifoni wakaziachia jina, wakaingiza ndani chipu yao ya W1 kuanzia 2016, kwenye Solo3 na nyinginezo, ukiziwasha karibu na iPhone zinajitambulisha zenyewe. Lakini mwenye Samsung naye anavaa Beats bila kujisikia amehamia chama kingine. Apple anakula kwa mtu ambaye hatamnunulia iPhone maisha yake yote.

Hili la woga nalikubali nusu. Aliyeogopa akakimbilia pazuri si mjinga.

Jamaa_wa_Rongai

Niaje watu wa Bongo. Naona mnaongea kama Apple Music ilikuja kwenu siku moja na sisi. Huku Kenya tulikuwa kwa ile orodha ya kwanza ya nchi za 2015, nyinyi mkangoja hadi 2020. Lakini hata sisi, iPhone zilikuwa za nani? Kadi ya benki ya kulipia ilikuwa ya nani? Mimi nilikuwa nimemaliza kulipa muziki wangu kwa Skiza, shilingi zangu zinakatwa kwa simu kila mwezi ili mtu akinipigia asikie ngoma badala ya ule mlio. Baba yangu alikuwa na Skiza ya kwaya na hajui hata ilifikaje. Kwa hivyo hiyo idea ya kulipa muziki kidogokidogo, wazee, sisi hatukufunzwa na Iovine.

Halafu mnaangalia mbali. Transsion wanaotengeneza Tecno, walifanya nini? Boomplay. Unanunua simu, ukiiwasha programu ya muziki imeshakaa ndani inakungoja. Simu na muziki ndani ya nyumba moja. Ni akili ileile, tofauti ni kwamba Tecno hakuhitaji Dr. Dre.

DadaWaMixing

Hiyo ya Boomplay ni kweli kabisa. Wasanii ninaowafanyia kazi, wa kwanza wanakoangalia namba zao ni huko.

Kuhusu Dre, msisahau ile video ya Mei 2014, habari imevuja kwenye magazeti, Apple hawajasema neno, yeye yuko na mwimbaji Tyrese usiku wanajirekodi, anajiita bilionea wa kwanza wa hip hop. Apple wanavyopenda siri! Sijui Tim Cook, bosi wa Apple wakati ule, aliiangalia video hiyo akiwa amekaa au amesimama. Na bilioni yenyewe haikufika, jarida la Forbes mwaka ule walimhesabia milioni 620 kabla ya kodi. Wa kwanza wakamtaja Jay-Z, 2019.

KijanaWaTandika

Wakuu nashukuru, Jumapili shemeji atakoma. Ila Mzee, kuna kitu kimoja. Yeye anasema "plastiki". Amesoma mahali kwamba kuna mtu alizifungua akakuta zimewekwa vyuma vya bure ili ziwe nzito, na gharama yake haifiki dola 20. Ni kweli?

MzeeWaSolda

Mwambie asome mpaka mwisho.

Mwaka 2015 kuna mhandisi wa kampuni moja ya Marekani, Bolt, alifungua Beats Solo HD, akahesabu vifaa, akapata kama dola 17. Akakuta vipande vinne vya chuma ambavyo kwa maoni yake kazi yake ni uzito tu, kwa sababu kitu kizito mkononi kinaonekana cha maana. Dunia nzima ikaandika. Baadaye ikabainika hedifoni alizofungua zilikuwa feki! Fundi mzima, Marekani, kapigwa feki. Akatafuta za kweli akafungua tena, na vyuma akavikuta humo pia. Kwa hiyo chuma si ushahidi wa feki wala wa halali, feki imeiga mpaka chuma.

Mimi za feki nimezifungua nyingi. Unavuta sponji ya sikio taratibu kwa ukucha, maana ukitumia bisibisi unaichana. Chini yake kuna skrubu ndogo za nyota. Ukitoa kifuniko unaona spika yenyewe, nyuma yake nyaya mbili nyembamba kama uzi wa kushonea, na pembeni kipande cha chuma kimebandikwa na gundi ya moto, hakijaunganishwa na chochote. Mara moja nilikitoa nikakipeleka kwa jirani yangu anayeuza iliki na mdalasini, tukakiweka kwenye mizani yake. Gramu 22. Akaniuliza nauza bei gani kilo.

Cha kuangalia ni namba ya utambulisho, ile iliyoandikwa kwa ndani ukivuta mkono wa hedifoni. Kila hedifoni ina ya kwake. Wa feki huona uvivu, wanapiga namba moja kwenye mzigo mzima. Mimi kwenye droo yangu zipo mbili za wateja wawili tofauti, wasiojuana, namba moja. Wewe lete zako nizione. Njoo asubuhi, mchana hapa hapapitiki.

KijanaWaTandika

Nimetoka kwa Mzee sasa hivi, naandika nikiwa kwenye daladala.

Amevuta mkono wa hedifoni, akavaa miwani, akasoma namba kimyakimya. Halafu akafungua droo, akazitoa zile mbili, akazipanga mezani pamoja na zangu. Hakusema kitu. Akanisogezea taa.

Zipo tatu sasa.

Shemeji alizinunua laki mbili na nusu dukani, na risiti anayo, kaiweka kwenye bahasha pamoja na hati ya kiwanja. Yaani Apple hawakupigwa. Sasa Jumapili naendaje?

DadaWaMixing

Kwani zinapiga?

KijanaWaTandika

Zinapiga vizuri tu. Besi imekaa mlangoni.

DadaWaMixing

Basi vaa, kula pilau, mwambie alikuwa sahihi kuhusu plastiki.

BandoLimekata

Nilisema tangu mwanzo kuna mtu kapigwa.